Kabla Hujaruka na Parachuti au Kurusha Droni: Ruhusa ni Tatu, Siyo Moja



Kila zikitoka picha za watu wanaoshuka na parachuti pale ufukweni Diani, maswali huwa yale yale: hivi mtu anajirukia tu? Anaomba ruhusa kwa nani? Na kijana aliyenunua droni ya kupiga picha za harusi naye anauliza: si nimelipa pesa yangu, si inaruka juu ya kiwanja chetu, kosa liko wapi? Leo nataka nilieleze hili jambo polepole. Nionavyo mimi, wengi hawaingii matatani kwa kukosa kibali. Wanaingia kwa sababu wana kibali kimoja na wanadhani kimetosha.

Kwa kifupi ni hivi: anayetaka kwenda angani anahitaji ruhusa ya anga, ruhusa ya ardhi, na ruhusa ya kifaa pamoja na mtu anayekitumia. Kila moja ina mwenyewe, na mwenye hii hawezi kukupa ile.

ANGA NI YA NANI?

Tuanze juu. Mwaka 1944 nchi nyingi zilikutana Chicago, Marekani, zikatia saini mkataba wa usafiri wa anga. Kifungu chake cha kwanza kinasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Kenya, Tanzania na Uganda zote zimo katika mkataba huo. Maana yake, baba yako anaweza kuwa na hati ya kiwanja, lakini njia ya ndege iliyo juu ya kiwanja hicho si yake kuigawa. Kenya anayeisimamia ni KCAA, na Tanzania ni TCAA.

Kanuni za kimataifa zinazotokana na mkataba huo zimeitaja parachuti waziwazi: ukiacha dharura, mtu asiruke ila kwa masharti ya mamlaka ya nchi husika, na kwa kufuata maelezo au ruhusa ya waongoza ndege.

Kwa nini ukali wote huo? Piga hesabu. Mtu aliyeruka bila kufungua parachuti anaanguka kwa kasi ya kama kilomita 200 kwa saa. Akitoka futi 12,000 mpaka futi 5,000 anatumia sekunde 40 hivi. Rubani anayepita chini yake hawezi kumwona kwa wakati, na huyo anayeanguka naye hawezi kusimama kumpisha. Sasa kumbuka kwamba pale Ukunda, jirani kabisa na Diani, kuna kiwanja kinachopokea ndege za abiria kutoka Nairobi. Bila mtu wa kupanga nani apite lini, hapo ni kucheza na roho za watu, tena watu ambao hata hawakulipia kuruka.

Kibali cha karatasi peke yake hakimalizi kazi. Wamarekani, ambao sheria yao ya parachuti imeandikwa kwa kina, wanataka waongoza ndege waarifiwe ndani ya saa 24 kabla ya kuruka, na si chini ya saa moja kabla, na ndege inayobeba warukaji iwe inaongea nao kwa redio. Juu ya mji au juu ya mkusanyiko wa watu ndiyo kabisa, unahitaji idhini ya pekee.

ARDHI NAYO INA MWENYEWE

Haya, umepata anga. Utaanzia wapi, na utatua wapi?

Hapa mfano mzuri ni huko huko Marekani, kwa wale wanaoruka kutoka kwenye majabali na madaraja. Ndani ya hifadhi za taifa, kama Yosemite yenye jabali maarufu la El Capitan, kumshusha mtu kwa parachuti bila kibali ni kosa. Lakini nenda West Virginia kwenye daraja la New River Gorge, lenye kimo cha futi 876. Nalo liko kwenye eneo la hifadhi, ila kuna sikukuu yake, Jumamosi ya tatu ya Oktoba, ambapo daraja hufungwa kwa magari na watu wanaruka mchana kweupe kwa ruhusa. Halafu kule Idaho, kwenye daraja la Perrine mjini Twin Falls, watu wanaruka mwaka mzima bila kuomba kibali. Parachuti ni ile ile, mtu anaweza kuwa yule yule. Kilichobadilika ni mwenye ardhi na masharti yake.

Huku kwetu mantiki ni hiyo hiyo. Wanaopeperuka kwa paraglaida kutoka ukingo wa Bonde la Kerio, upande wa Iten, wanaanzia juu kwenye ardhi ya mtu na wanaweza kutua chini kwenye shamba la mtu mwingine. Mazao yakikanyagwa, karatasi ya mamlaka ya anga haimlipi mkulima. Na ukiingia kwenye mbuga, kuna wasimamizi wake: KWS kwa Kenya, TANAPA kwa Tanzania. Tiketi ya kuingia getini si ruhusa ya kurusha kitu.

KIFAA NA MTU

Tatu ni kifaa chenyewe na anayekishika. Kwa parachuti, narudi tena Marekani kwa sababu namba zao ni kipimo kizuri cha kuulizia. Parachuti ya akiba lazima iwe imefungwa na fundi mwenye leseni, na ile ya kisasa isipitishe siku 180 bila kufunguliwa na kufungwa upya, hata kama haijatumika. Mwalimu anayeruka na mgeni amemfunga kifuani lazima awe na miaka 3 kwenye mchezo huo na awe amesharuka mara 500.

Kwa droni, Kenya ina kanuni za mwaka 2020. Mwenye droni awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na droni isajiliwe KCAA. Isipande zaidi ya futi 400, yaani kama mita 120, na isisogelee watu au majengo yasiyohusika kwa chini ya mita 50. Viwanja vya ndege vina mipaka yake: kilomita 10 kwa vikubwa, 7 kwa vidogo. Kwa hiyo wewe wa harusi, kabla hujapokea malipo ya awali, angalia kwanza ukumbi uko umbali gani na kiwanja cha ndege. Bwana harusi kukubali hakuhesabiki hapa.

Tanzania usiende kichwa kichwa. Huko TCAA haiko peke yake, Wizara ya Ulinzi nayo ina neno kwenye droni. Na kibali cha Kenya kinaishia Lungalunga, ukivuka kwenda Horohoro unaanza upya. Mkataba ule ule wa 1944 unasema chombo kisicho na rubani hakiruki juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu ya nchi hiyo.

SASA UFANYE NINI?

Kama unataka kuruka kama mgeni, kibali cha anga ni kazi ya kampuni. Kazi yako ni kuuliza, tena kabla ya kutoa hela:

1. Mna kibali cha mamlaka ya anga kwa eneo hili, na ninaweza kukiona?
2. Tunatua wapi, na mwenye pale amekubali?
3. Parachuti ya akiba ilifungwa lini, na nani aliifunga?
4. Mwalimu wangu ameruka mara ngapi, na ana cheti gani?

Kampuni inayojua kazi yake itakujibu bila kukunja uso, maana karatasi hizo ziko ofisini. Ukiambiwa "usijali dogo, tunafanya kila siku," hilo si jibu. Rudisha hela yako mfukoni. Na ile fomu ya kujivua lawama wanayokupa usaini, isome mpaka mwisho. Mara nyingi ndiyo itakayosomwa kwanza mambo yakiharibika.

Najua wapo watakaosema huu ni urasimu wa kuwabania vijana. Ada na foleni zinaweza kukera, hilo sikatai, na tuna haki ya kudai taratibu ziwe nyepesi. Lakini usimamizi wenyewe tunauhitaji, kwa sababu kitu kikianguka kutoka juu hakichagui nani alikuwa anacheza na nani alikuwa anakwenda sokoni.

Nawasilisha.