Kupanda Rwenzori kwa Ajili ya Ada ya Mtoto



Wahenga walisema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Siku hizi binadamu wanakutana mlimani penyewe, na shabaha yao ni kuchangisha fedha. Utaratibu unajulikana. Kikundi hutangaza kwamba kitapanda mlima fulani, ndugu na marafiki huahidi kutoa kiasi fulani, na fedha hizo hupelekwa hospitali, shuleni au kwa yatima. Nchini Tanzania, Kilimanjaro imekuwa ikipandwa kwa njia hii tangu 2002 ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Mwaka 2009 wasanii na watangazaji mashuhuri wa Uingereza waliupanda mlima huo huo kwa ajili ya shirika la Comic Relief. Huko Kampala, mbio za barabarani za kuchangia jamii zimekuwa jambo la kawaida kila mwaka.

Makala haya yanaeleza namna ya kujiandaa kupanda Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kwa ajili ya elimu ya watoto wa Kasese na Bwera. Tumeichagua mada hii kwa sababu mwanafunzi wa Kiswahili anayefika Afrika Mashariki hachelewi kuombwa mchango, na pengine kuombwa yeye mwenyewe awachangishe wengine. Ni vizuri ajue kazi hiyo inavyofanywa, na mahali inapoharibika.

Mlima na watu wake

Kilele cha juu cha Rwenzori kinaitwa Margherita, nacho kina urefu wa mita 5,109. Ni cha tatu Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Wapandaji wa kwanza kurekodiwa kukifikia walikuwa msafara wa mtawala wa Abruzzi kutoka Italia, Juni 1906. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilianzishwa 1991, na 1994 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wenyeji wa miteremko ya upande wa Kasese ni Wakonzo. Lugha yao, Lhukonzo, ni ndugu wa karibu sana wa Kinande kinachosemwa ng'ambo ya mpaka, Beni na Butembo. Kwa Lhukonzo theluji ni nzururu, na humo ndimo lilimotoka jina la Rwenzururu. Theluji hiyo inakwisha. Mwaka 1906 barafu ilikuwa juu ya milima sita ya safu hii. Leo iliyobaki ni kidogo sana, na sehemu yake kubwa iko juu ya Mlima Stanley.

Bwera ni mji mdogo kusini-magharibi mwa Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ni Kasindi, nchini Kongo. Siku ya soko mtu husikia Lhukonzo, Kinande na Kiswahili cha Kongo katika mazungumzo ya dakika tano. Mwalimu wa Kiswahili akifika hapo, hukuta darasa ambalo tayari limefunguliwa.

Historia ya huku imeunganisha mlima na shule kwa muda mrefu. Wakonzo na Waamba walipoanzisha harakati za Rwenzururu mwaka 1962 ili wajitenge na ufalme wa Toro, moja ya manung'uniko yao ilikuwa kunyimwa nafasi za elimu. Kiongozi wao, Isaya Mukirania, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baadaye zikaja taabu nyingine. Vita vya waasi wa ADF vilianzia Mpondwe Novemba 1996, na hifadhi ikafungwa kwa wageni hadi 2001. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kwa mzazi wa Bwera, kumpeleka mtoto shule si jambo jepesi hata kidogo.

Tena, kuna gharama. Serikali ya Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, na ya sekondari mwaka 2007. Hata hivyo sare, madaftari, chakula cha mchana na michango mingine bado vinamwangukia mzazi, na mzazi wa huku anategemea kahawa, shamba dogo au biashara ya mpakani. Bei ya kahawa ikianguka, mtoto hurudishwa nyumbani.

Hesabu ya kwanza: nani analipa mlima?

Maandalizi huanza kwenye daftari la hesabu. Kupanda hadi Margherita kunahitaji siku saba hivi au zaidi. Kuna kiingilio cha hifadhi, waongozaji, wapagazi, chakula, kukodi vifaa, usafiri na bima. Gharama ya mgeni mmoja huweza kupita dola 1,000 za Marekani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wapandaji wanane wanatumia dola 1,200 kila mmoja, jumla 9,600. Wamechangisha dola 12,000 na kutangaza kwamba zote ni za "elimu ya watoto". Gharama za mlima zikitolewa humo, watoto wanabakiwa na dola 2,400. Hakuna aliyeiba, lakini mlima umekula ada. Mchangiaji akigundua, hatatoa tena, na hatamwamini hata mwingine atakayekuja na maombi ya kweli.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba kila mpandaji ajilipie safari yake, au atafute mfadhili wa safari peke yake. Fedha za watoto ziwekwe katika akaunti nyingine, zikiwa na mweka hazina asiyepanda mlima, na kila shilingi iwe na risiti.

Kanuni ya pili ni kuuliza shule kabla ya kuahidi lolote. Walimu wakuu, kamati ya shule na wazazi ndio wanaojua kama upungufu uko kwenye madawati, vitabu, chakula au ada. Wengine hukimbilia kulipia watoto wengi kwa mara moja ili picha ipendeze. Tukumbuke kwamba mwaka wa shule Uganda una mihula mitatu, na sekondari ya kawaida ni miaka minne, yaani mihula 12. Kumlipia mtoto mmoja mihula 12 kuna maana kuliko kuwalipia watoto 12 muhula mmoja, kisha kuwaacha njiani. Na fedha zilipwe shuleni moja kwa moja.

Hesabu ya pili: mwili

Njia ya zamani ya kati huanzia Nyakalengija, mahali penye urefu wa takriban mita 1,600. Njia nyingine huanzia Kilembe, palipokuwa na migodi ya shaba. Kwa njia ya Nyakalengija, mpandaji hulala Nyabitaba (karibu mita 2,650), John Matte (karibu 3,500), Bujuku (karibu 3,960) na Elena (karibu 4,540), ndipo aondoke alfajiri kwenda kileleni.

Mazoezi yaanze miezi mitatu au minne kabla. Tembea vilimani ukiwa na mzigo mgongoni, panda ngazi, na angalau mara moja kwa wiki tembea saa tano au sita mfululizo. Usisahau kuteremka, maana magoti huumizwa zaidi na mteremko. Rwenzori si Kilimanjaro. Huku kuna mvua nyingi, matope yanayofika magotini, mizizi yenye utelezi, ngazi za miamba na mwishoni barafu inayotaka kamba. Miezi iliyo afadhali ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, lakini hata miezi hiyo haina ahadi.

Mazoezi hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Kwenye mita 5,000 oksijeni unayovuta kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani, na kijana mwenye misuli huweza kuugua kabla ya mzee wa polepole. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyoeleweka, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ubongo au mapafu yameingiwa na maji. Dawa yake ni moja: kuteremka mara moja, hata kama ni usiku.

Kinga yake ni mwendo wa polepole. Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Ukiangalia vituo tulivyovitaja, utaona kwamba kutoka Bujuku hadi Elena ni mita 580 hivi. Siku moja ya ziada Bujuku si uvivu. Muone daktari kabla ya safari, na umuulize juu ya dawa ya asetazolamaidi.

Vifaa visivyosahaulika ni gambuti, koti la mvua, nguo za sufu, glavu, begi la kulalia lenye joto na tochi ya kichwani. Kwa siku ya barafu utahitaji helmeti, shoka la barafu na meno ya chuma ya kufungwa chini ya buti. Mzigo wako mkubwa utabebwa na mpagazi, kwa kawaida Mkonzo mwenye watoto wake shuleni. Hakikisha ana nguo za kutosha, chakula na malipo ya haki. Itakuwa aibu kuchangisha ada ya mtoto wa Bwera huku ukimpunja baba yake.

Ahadi isifungwe na kilele

Hapa ndipo maandalizi mengi yanapoharibika. Ili kuwavutia wachangiaji, vikundi hupenda kuuza mlima kwa mita. Mtu akiahidi shilingi 100 za Uganda kwa kila mita, Margherita itampatia mtoto shilingi 510,900. Hesabu hiyo ni tamu na inaeleweka haraka. (Mwenye kupenda ukweli ataongeza kwamba mpandaji hupanda mita 3,500 hivi tu, kwa kuwa alianza akiwa tayari juu.)

Lakini fikiri juu ya mpandaji aliye Elena saa nane za usiku. Kichwa kinamuuma na ametapika mara mbili. Mwongozaji anamwambia ateremke. Yeye anawaza kwamba akirudi, ahadi zitapungua, na yule mtoto aliyemwona kwenye picha atakosa muhula. Anasema hajambo, na anapanda. Nia njema imegeuka hatari, kwake na kwa wapagazi watakaombeba kwa machela juu ya matope.

Kwa hiyo barua ya kuomba mchango iseme wazi tangu mwanzo kwamba ahadi italipwa wapandaji wakifika kileleni au wasifike. Ni afadhali zaidi fedha zikikusanywa kabla ya siku ya kuondoka. Mpandaji anayejua kwamba ada imeshalipwa anaweza kugeuka bila kinyongo. Anayeshindwa na mlima leo, anaweza kurudi mwakani, na mtoto ataendelea na masomo bila hata kujua kwamba kulikuwa na mawingu.

Maandalizi ya lugha

Kwa sisi walimu na wanafunzi wa lugha, zoezi hili lina faida yake. Tazama familia ya kitenzi kimoja: watu huchanga, humchangia mtu, huchangisha wengine, na kinachopatikana ni mchango. Anayeandika "tunachanga" mahali pa "tunachangisha" ameahidi kutoa fedha zake mwenyewe! Vilevile Mtanzania atasema ada na Mkenya atasema karo. Barua moja ichague neno moja.

Kiswahili kitakusaidia sana sokoni Bwera na mpakani Mpondwe. Kikatiba kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kitekelezwe na kufundishwa. Mlimani, hata hivyo, lugha ya nyumbani ni Lhukonzo. Jifunze walau wabukire ya asubuhi, na wasingya ya kushukuru. Mwenyeji akisikia maneno hayo mawili, hukupokea kwa namna nyingine.

Msamiati

Ada, karo: malipo ya shule.
Gambuti: buti refu la mpira la kuvaliwa kwenye maji au matope.
Machela: kitanda chepesi cha kubebea mgonjwa.
Mpagazi: mtu anayelipwa kubeba mizigo safarini.
Mweka hazina: mtunza fedha za kikundi.
Ugonjwa wa mwinuko: maradhi yanayotokana na upungufu wa oksijeni mahali pa juu.

Maswali ya mjadala

1. Andika barua fupi ya kuomba mchango, ukieleza nani analipia safari na nani atapokea fedha.
2. Je, ni haki kutumia picha ya mtoto kuchangisha fedha? Ni nani anayepaswa kuombwa ruhusa?
3. Tunga sentensi tano kwa vitenzi changa, changia, changiwa, changisha na changishwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Tunawatakia maandalizi mema, na safari ya kwenda na kurudi.