USALAMA KAZINI: MASHINI INAJUA NJIA, LAKINI JE, INAKUONA WEWE?



Umeme umekatika usiku. Unaamka kunywa maji, unapita chumbani bila taa, kwa sababu unajua meza iko wapi na mlango uko wapi. Ramani ya nyumba iko kichwani mwako. Lakini jioni mtoto aliacha kiti katikati ya chumba, na ramani yako haina kiti hicho. Kama hukunyoosha mkono mbele, goti lako litalipa.

Mashini inayojiendesha chini ya ardhi inafanya kazi namna hiyo hiyo. Mashini za namna hii zimekwisha kufika katika nchi yetu. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, kule Haut-Uele, mashini za kupakia mawe zinakwenda na kurudi bila shofere juu yake. Mtu anayezisimamia ameketi juu ya ardhi, mbali na vumbi, moshi na mwamba unaoweza kuanguka. Hiyo ni faida kubwa kwa afya na maisha.

Mashini inajuaje njia?

Satelaiti zinazoongoza motokari barabarani hazisaidii chini, maana mwamba unazuia ishara zake. Kwa hiyo kwanza mtu anaiendesha mashini kupita galeri yote. Mashini inapima kuta na kuziweka akilini. Hiyo ndiyo ramani yake.

Kisha ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupanga: kutoka penye mawe mpaka pa kuyamwaga, ipite wapi, ikate kona wapi, ipunguze mwendo wapi. Ya pili ni kuangalia: inatuma mwangaza wa leza, mwangaza unapiga ukuta na kurudi, nayo inalinganisha kuta inazoziona na kuta za ramani. Hapo inajua iko wapi. Kuhesabu mizunguko ya magurudumu peke yake hakutoshi, kwa sababu katika matope magurudumu yanateleza.

Hatari iko wapi?

Ramani ni ya siku ilipochorwa. Jiwe lililoanguka jana halimo. Bomba lililofungwa leo asubuhi halimo. Na wewe, ndugu, haumo kabisa. Tena, leza inayopita kwa urefu mmoja inaweza kupita juu ya mtu aliyeinama au aliyeanguka chini.

Wazee waliofanya kazi Kipushi, karibu na Lubumbashi, walijua galeri kwa miguu na masikio. Waliposikia mwamba unalia, walirudi nyuma. Mashini haina masikio hayo. Ndiyo maana kwenye mlango wa eneo lake kunawekwa kizuizi chenye mwangaza: mtu akiukata, mashini zote za ndani zinasimama. Kizuizi hicho ndicho kinachokulinda, si akili ya mashini.

Basi shika haya manne:

1. Usipite kizuizi, hata kama mashini imesimama. Iliyosimama pengine inangojea zamu yake tu.
2. Kabla ya kuingia, mjulishe msimamizi, ungoje akujibu kwamba mashini zimezimwa. Ukitoka, mjulishe tena.
3. Ukiona kitu kimebadilika, kama jiwe, maji au bomba jipya, mwambie kapita mara moja. Ramani haitajisahihisha yenyewe.
4. Usifunike wala kufunga kizuizi kwa kamba ili kazi iende mbio. Dakika tano ulizopata zinaweza kuwa za mwisho kwa mwenzako.

Nawe mama wa nyumbani, muulize bwana wako leo usiku: kizuizi cha kwenu kinafanya kazi? Kama hajui, kesho na aulize kapita wake.

Mashini ikiharibika, kompani itanunua nyingine. Baba wa watoto hauzwi dukani.