Je, Wajua? Bawaba za Matofali ya Lego na Magari ya Waya ya Ukambani

Kila kitu kinachokunjika humdai fundi wake uamuzi mmoja: kigeuke kwa wepesi, au kishike pale kilipoachwa? Waunda vichezeo wa Denmark wamelijibu swali hilo kwa namna mbili. Watoto wa Kitui na Makueni, huko Ukambani nchini Kenya, wanaounda magari ya waya hulijibu kila likizo, bila kiwanda na bila ramani. Majibu yao yanastahili kuwekwa meza moja.

Je, wajua kwamba matofali sita ya Lego huunganika kwa namna zaidi ya milioni 915?

Seremala Ole Kirk Christiansen alianzisha kampuni ya Lego mwaka 1932 mjini Billund, akianza na vichezeo vya mbao. Tofali la plastiki tunalolijua, lenye vinundu juu na mirija ndani, liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958, na la wakati huo bado linashikana na la leo. Wanahisabati Søren Eilers na Bergfinnur Durhuus walihesabu kwamba matofali sita yenye vinundu vinane, yote ya rangi moja, yanaweza kupangwa kwa namna 915,103,765. Hesabu hiyo kubwa imebanwa na sharti moja: kila tofali likae sambamba na mwenzake au kwa pembe mraba. Pembe nyingine zote zinahitaji bawaba.

Je, wajua kwamba bawaba za zamani za Lego zilikuwa na vidole?

Kipande kimoja kilikuwa na vidole vitatu, cha pili viwili, navyo vilipitana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatwa. Vijinundu vidogo ubavuni mwa kila kidole viliingia katika vishimo vya jirani yake, na msuguano ndio uliozuia kiungo kisilegee. Uzuri wa bawaba hii ni uhuru: bawa la ndege au paa la nyumba liliweza kusimama katika pembe yoyote ile, hata ya digrii 37 ukipenda.

Udhaifu wake ulitoka mahali hapo hapo. Plastiki inayosuguliwa kila siku hulainika, na kidole kinachobanwa muda mrefu huzoea kubanwa kikaacha kusukuma. Bawa likaanza kuinama lenyewe. Baya zaidi, vidole vilikuwa vyembamba, na kimoja kikikatika hakuna namna ya kukirudisha.

Je, wajua kwamba bawaba mpya huhesabu hatua zake?

Takriban mwaka 2000, bawaba za vidole zilianza kuachia nafasi bawaba za meno. Ukikunja moja utaisikia ikilia “ta, ta, ta”, kila mlio ukiwa ni jino linaloingia mahali pake. Kila hatua ni digrii 22.5, kwa hiyo hatua nne hukamilisha pembe mraba. Katikati ya hatua hakuna pa kusimama: ukitaka digrii 37 utachagua kati ya 22.5 na 45. Lakini jino likishaingia, kiungo hubeba mzigo ambao bawaba ya zamani ingeuangusha, na ndiyo maana mabawa makubwa na miguu ya roboti huwekewa meno.

Kizazi kimoja hakiingiliani na kingine. Kipande cha vidole hakishiki kipande cha meno, hivyo anayekarabati seti ya miaka ya 1980 hulazimika kutafuta vipande vya wakati ule. Hata hivyo msuguano haukufukuzwa kabisa, kwa sababu bawaba ndogo ya kuinamisha, ile inayokaa juu ya tofali la vinundu viwili, ingali ikitengenezwa.

Je, wajua kwamba gari la waya lina bawaba inayotibika?

Tazama kwa karibu tipa la waya lililoundwa na mtoto wa Mutomo au wa Wote. Fremu ni ya waya mnene, na viungo vyake vimefungwa kwa waya mwembamba. Magurudumu yamekatwa kutoka soli ya kandambili kuukuu. Usukani ni mti mrefu wenye duara la waya juu, unaoshuka hadi ekseli ya mbele ili dereva akimbie akiwa amesimama wima. Sasa angalia nyuma, pale sanduku la mchanga linapoinuka. Waya wa sanduku umepindwa kuwa kitanzi kinachozunguka waya wa fremu. Hiyo ni bawaba kamili, na kanuni yake ni ile ile ya vidole vya Lego: kitanzi kikibana, sanduku hubaki juu, kikilegea, hushuka.

Tofauti iko katika malighafi. Plastiki ikichoka, imechoka. Kitanzi cha waya kikilegea, mtoto hukibana tena kwa koleo, au hukigonga kati ya mawe mawili, na tipa linarudi kazini. Waya nao hukatika ukikunjwa mno mahali pamoja, kwa hiyo waundaji hodari hubana kidogo kidogo na huhamisha kitanzi kabla hakijachoka. Elimu hiyo ya uchovu wa chuma wahandisi huisomea chuo kikuu.

Je, wajua kwamba bawaba kubwa kuliko zote za Makueni hupita barabarani mchana na usiku?

Malori yenye trela yanayotoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali. Kichwa cha lori na trela yake huunganishwa na pini moja ya chuma yenye unene wa takriban sentimita tano, inayoshikwa na taya katikati ya sahani nene. Tani kadhaa za shehena huigeukia pini hiyo kila kona. Hapa msuguano ni adui, kwa kuwa barabara ndiyo inayoamua pembe, na sahani lazima ipakwe grisi ili kichwa kigeuke bila kubishana na trela.

Je, wajua kwamba milango ya kale ya Waswahili haikuning’inia kwenye bawaba za chuma?

Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Mombasa. Miongoni mwa wafanyabiashara wake mashuhuri alikuwa Kivoi, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Huko ilikofika misafara hiyo, milango ya nakshi ya miji ya pwani ilizunguka juu ya ncha za mbao zilizochongwa kwenye ubao wenyewe, moja juu na moja chini, zikiingia katika matundu ya fremu. Uzito wote ulitua kwenye ncha ya chini. Kwa kuwa mlango ulisimama badala ya kuning’inia, mbao nzito sana ziliweza kufunguliwa kwa mkono mmoja.

Je, wajua kwamba bawaba hutegemea ubao kuliko chuma?

Mlango ukilegea, mara nyingi bawaba ni nzima na ni skrubu zilizong’oka kwenye mbao zilizooza au kuliwa na mchwa. Ukambani una dawa yake: mukau, mti wa nchi kavu ambao mbao zake hustahimili mchwa na hupendwa na maseremala kwa milango, madirisha na samani. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, yenye kituo mjini Kitui, imeshirikiana na Wajapani kuchagua mikau bora, na bustani za mbegu zimepandwa Tiva na Kibwezi. Mbegu yake ni ngumu kuotesha, kwani kokwa lazima livunjwe kwa uangalifu na mbegu ilowekwe.

Je, wajua kwamba ukuta wa duara unaweza kujengwa kwa matofali yanayoshikana bila bawaba?

Nchini Uganda, Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni matofali ya udongo na saruji yaliyopinda, yanayoumana juu, chini na ubavuni. Yakipangwa huzunguka yenyewe na kuwa tangi la maji. Hushindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa tanurini, kwa hiyo hayali kuni. Kwa nchi kavu kama Kitui na Makueni, ambako maji na miti vyote ni vya kulindwa, hilo ni wazo la kuazima.

Je, wajua kwamba kizibo cha soda kina meno 21?

William Painter wa Marekani alikipatia hataza mwaka 1892, kikiwa na meno 24. Baadaye yakapunguzwa hadi 21. Gawanya 360 kwa 21, utapata hatua ya digrii 17 na ushei, ndogo kuliko hatua ya bawaba mpya ya Lego.

Hapo pana somo zima la sanaa na sayansi kwa walimu wa Mtaala wa Umilisi, ambao huwataka wanafunzi waunde vitu kwa vifaa vya mazingira yao. Toboa kizibo matundu mawili kwa msumari, kifunge kwa waya kwenye ubavu wa sanduku la tipa, penye bawaba, ili vigeuke pamoja, kisha funga kwenye fremu kipande cha waya ambacho ncha yake inalala kati ya meno. Inua sanduku: ncha inaruka jino baada ya jino. Pembeni yake weka tipa la kitanzi cha kawaida. Yapakie yote mawili mawe madogo, moja moja, mkiandika ni jiwe la ngapi linaloliangusha sanduku.

Kisha wageuzie wanafunzi swali: waombe wasimamishe kila sanduku kwenye digrii 25 barabara. Sasa la kitanzi litatii, na la meno litasita kati ya 17 na 34. Darasa litakuwa limegundua kwa mikono yake kwa nini bawaba za Lego zilibadilika, na kwa nini wapo waundaji wanaozililia zile za zamani. Penye mzigo, weka meno. Penye haja ya pembe kamili, tegemea msuguano, na uwe na koleo karibu.