KIFUNDO CHA MGUU KIPIMWE, KISIKADIRIWE KWA MACHO



Mchuma chai wa vilima vya Fort Portal, mkata miwa wa Jinja na mbeba magunia wa kiwandani, wote husimama kwa miguu yao mchana kutwa. Kifundo cha mguu kikiteguka au kikivunjika, uvimbe hupungua na maumivu hutulia, lakini kifundo chaweza kubaki kigumu. Hapo ndipo mwenzetu huambiwa: "Umepona, rudi kazini." Sisi twauliza: nani amekipima?

Kifundo kizima, mtu akiwa amelala kitandani, hukunja wayo kuja juu kiasi cha digrii 20, na kuunyosha chini kiasi cha digrii 50. Kutembea mahali tambarare huhitaji kama digrii 10 tu za kuja juu. Kuchuchumaa au kupanda mlima huhitaji zaidi. Ndiyo maana mtu aweza kutembea vizuri ndani ya chumba cha daktari, kisha akashindwa kazi ya mteremkoni.

Hospitalini hutumika kipimapembe chenye mikono miwili. Lakini iko njia nyingine isiyohitaji ila ukuta na rula. Mgonjwa husimama akielekea ukuta, akapeleka goti mbele mpaka liguse ukuta, kisigino kisiinuke. Wayo hurudishwa nyuma kidogo kidogo, hadi pale ambapo goti bado lagusa na kisigino bado kiko chini. Kisha hupimwa umbali kutoka kidole gumba hadi ukutani. Kila sentimita moja ni kama digrii tatu na nusu. Mwaka 1998 wataalamu wa viungo wa Australia walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa wapimaji mbalimbali wakitumia njia hii hupata vipimo vinavyokaribiana sana.

Maumbile hayafanani, kwa hiyo mguu ulioumia hulinganishwa na mguu mzima wa mtu yule yule. Tofauti ya sentimita moja yaweza kuwa ya upimaji tu. Tofauti ya sentimita nne si ya kupuuzwa. Lakini jeraha bichi, au mguu unaoshukiwa kuvunjika, usipimwe hivi.

Jambo hili lahusu mkate wetu. Nchini Uganda, Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 humpa haki ya fidia mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu kazini, kwa kadiri ya uwezo wa kazi aliopoteza. Neno "anachechemea kidogo" ni rahisi kubishiwa. Tarakimu iliyoandikwa, yenye tarehe na jina la mpimaji, si rahisi.

Kwa hiyo twawahimiza wajumbe wa matawi wadai mambo matatu: miguu yote miwili ipimwe, vipimo viandikwe na mgonjwa apewe nakala, na vipimo virudiwe kabla hajarudishwa kwenye kazi nzito.