Mguu wa Daktari na Mionzi katika Upasuaji wa Mawe ya Figo

Mkazi wa Terrat, kata iliyo kusini mwa Jiji la Arusha, ashikwapo na maumivu makali ya ubavuni yashukayo hadi kinenani, na ikabainika kwamba ana jiwe figoni au katika mrija upelekao mkojo kibofuni, aghalabu huuliza juu ya kisu, juu ya gharama na juu ya siku atakazolazwa. Ni nadra kusikika akiuliza juu ya mionzi, kwa sababu mionzi haionekani, haina harufu, wala haimuumizi mtu inapompitia. Naona ni haki yake kulifahamu jambo hilo kabla ya kutia sahihi hati ya idhini. Jiwe moja humpitisha mgonjwa mbele ya eksirei mara kadha wa kadha: katika kulitafuta, katika kulitoa, na katika kuhakikisha kwamba halikubaki kipande, na kwa kuwa maradhi haya yana tabia ya kurudi, hata ikakadiriwa kwamba wapatao nusu ya waliowahi kuugua huugua tena ndani ya miaka 10, hesabu ya mionzi huendelea kupanda katika mwili uleule.

Matumizi haya ni ya tangu zamani. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na mwaka uliofuata John Macintyre wa Glasgow alikwisha kupiga picha ya jiwe la figo. Madhara nayo hayakuchelewa: Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison katika majaribio ya mionzi hiyo, alifariki mwaka 1904 kwa saratani, baada ya kukatwa mikono yote miwili. Ilipofika mwaka 1976, Fernström na Johansson huko Uswidi walipoonesha kwamba jiwe laweza kutolewa kwa kupitisha kijia chembamba mgongoni hadi figoni, badala ya kulipasua tumbo, eksirei ikawa ndiyo macho ya daktari mpasuaji wakati wote wa kazi.

Mashine itumikayo ni ile yenye mkono uliopinda mfano wa herufi C, nayo haitoi mionzi ila pedali yake inapokanyagwa. Hapa ndipo penye kiini cha shauri lote, kwa maana sehemu kubwa ya mionzi impatayo mgonjwa hutokana na mazoea ya mguu, si na ulazima wa tiba. Daktari aliyezoea kukanyaga na kutazama kioo bila kukoma, ilhali picha ya mwisho imekwisha kuhifadhiwa pale kiooni na yatosha kumwongoza, humwongezea mgonjwa dhara bila kumwongezea faida. Tena mashine nyingi zaweza kuamriwa zitoe mionzi kwa vipindi vifupi vifupi badala ya mfululizo. Uwanja wa picha waweza kubanwa uishie penye jiwe. Chanzo cha mionzi chaweza kuwekwa chini ya meza, na kipokea picha kikasogezwa karibu na mwili. Hakuna hata moja katika haya lihitajilo fedha mpya.

Wahudumu wa chumba cha upasuaji sheria imewawekea mpaka. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, mfanyakazi wa mionzi hapaswi kuzidi wastani wa milisiverti (kipimo cha mionzi iupatayo mwili) 20 kwa mwaka katika muda wa miaka 5, na lenzi ya jicho, ambayo kwa miaka mingi iliruhusiwa milisiverti 150, tangu mwaka 2011 imependekezewa hizo hizo 20, baada ya kudhihirika kwamba mtoto wa jicho husababishwa na kiasi kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Mionzi iwafikiayo ni ile itawanyikayo kutoka mwilini mwa mgonjwa, na dawa yake ya kwanza ni umbali: asimamaye mita moja badala ya nusu mita hupata takriban robo tu. Muuguzi mwenye nafasi na arudi nyuma. Asiyeweza, kama mtaalamu wa usingizi, avae aproni ya risasi na kinga ya shingo, na aproni hiyo itundikwe baada ya kazi, isikunjwe ikapasuka ndani kwa siri. Arusha ina bahati, kwani Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ina maabara zake Njiro, na miongoni mwa kazi zake ni kusoma vipima mionzi vivaliwavyo na wahudumu. Kipima kilichoachwa ndani ya droo hakina habari ya kutoa.

Mgonjwa, kwa upande wake, hakuwekewa mpaka wowote wa namna hiyo, kwa kuwa yeye hupata manufaa ya tiba. Kwa hiyo hana mlinzi ila busara ya daktari wake. Ndiyo sababu naipa ultrasaundi taadhima kubwa, kifaa kisichotoa mionzi hiyo kabisa, ambacho mkono uliofunzwa waweza kukitumia kuongoza sindano hadi figoni, na ambacho kwa mtoto na mama mjamzito chapaswa kutangulia. Hata hivyo simshauri mtu aikimbie eksirei: sindano iliyopotea njia ikatoboa utumbo ni balaa kubwa kuliko sekunde chache za mionzi.

Katika kulitafuta jiwe nako mna la kupima: CT-Scan ya kawaida ya tumbo, ambayo nayo hutumia eksirei, humpa mtu milisiverti zipatazo 10, ambapo mionzi ya asili ya ardhi na anga, kwa wastani wa dunia, ni 2.4 kwa mwaka mzima. Ile ya kiasi kidogo, isiyozidi 4, hulionesha jiwe vizuri kwa walio wengi. Basi mgonjwa atokaye Arusha kwa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, ambako matabibu wa njia ya mkojo wamefunzwa kwa miaka mingi, achukue picha zake zote na majibu yake, ili asipigwe upya ile aliyokwisha kupigwa wiki iliyopita. Na mwanamke ambaye huenda ana mimba aseme mapema, kabla hajalazwa mezani.