Maji Moto, Mafundi wa Hariri

Katika viunga vya Dar es Salaam, pande za Kinondoni na Temeke, kila mtoto aliyepata kupanda mwembe awajua maji moto. Aumwaye na chungu hao hana haja ya kuuliza sababu ya jina lao. Leo twataka kueleza jinsi wanavyojenga, maana wajenzi wa namna hii ni haba duniani.

Nyumba yao ni majani mabichi ya mti wenyewe, yaliyoshonwa kwa hariri. Kwanza wafanyakazi hujipanga ukingoni mwa jani, wakalivuta jani la pili kwa meno. Likiwa mbali, mmoja humshika mwenziwe kiunoni, na huyo humshika wa tatu, hata uwe mnyororo wa chungu walio hai. Majani yakisha kukutana, wengine huja wamebeba watoto wao, yaani mabuu. Chungu mzima hana hariri hata kidogo; mwenye hariri ni buu. Basi mkubwa hugusisha kinywa cha buu kwenye jani hili, uzi ukashika, kisha humpeleka jani la pili, akarudi tena na tena. Buu wa nondo wa hariri hujifumia kifuko chake mwenyewe. Buu wa maji moto hutoa yote kwa nyumba ya jamaa, naye hubaki uchi.

Buibui naye hutumia hariri kama lugha. Dume wa aina nyingi, akimwendea jike, hutikisa nyuzi za utando kwa namna yake, asije akadhaniwa kuwa nzi.

Watu wengi huwachoma maji moto kwa kuwa wanauma. Kwa maoni yetu ni hasara. Yuko mdudu wa jamaa ya kunguni afyonzaye vidaka vya minazi, hata vikapukutika. Bwana M. J. Way, aliyewachunguza maji moto kisiwani Unguja na kuandika habari zao mwaka 1954, alionyesha kuwa wao huulinda mnazi na mdudu huyo. Si malaika, lakini: hufuga vidudu vinyonyavyo utomvu wa mti, wakavijengea hata vibanda vya hariri.

Mwenye shamba aweza kufunga kamba toka mti hata mti, wapate kuvuka bila kushuka chini, ambako sisimizi wadogo huwashambulia. Ila ahakikishe kwanza kuwa ni wa malkia mmoja. Wakiwa wa malkia wawili, watapigana juu ya kamba hiyo hiyo.