Saratani ya tumbo: Jina moja, magonjwa manne

Baba wa miaka 70 na kijana wa miaka 30 wanaweza kupewa jibu lilelile hospitalini: saratani ya tumbo. Hata hivyo, dawa itakayomfaa mmoja huenda isimsaidie mwenzake.

Mwaka 2014, watafiti wa mradi wa kitaifa wa saratani nchini Marekani walichunguza vinasaba vya uvimbe wa wagonjwa 295, wakaugawa ugonjwa huu katika makundi manne.

Asilimia 9 walikuwa na uvimbe wenye virusi vya Epstein-Barr, na wengi wao ni wanaume. Asilimia 22, ambao kwa kawaida ni wenye umri mkubwa, seli zao zilipoteza uwezo wa kusahihisha makosa ya vinasaba. Asilimia 20 waligundulika wakiwa na umri mdogo zaidi, na saratani yao mara nyingi hutambaa ndani ya ukuta wa tumbo. Karibu nusu waliobaki walikuwa na seli zenye kromosomu zilizovurugika.

Kinga ya mwili inavyodanganywa

Baadhi ya seli za saratani hujivika protini iitwayo PD-L1. Askari wa mwili wakiigusa, huiacha seli hiyo kana kwamba ni ya nyumbani. Dawa za kinga huvunja udanganyifu huo. Mjapani Tasuku Honjo, aliyegundua protini ya PD-1 ambayo PD-L1 hujishika nayo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Dawa hizo huwasaidia zaidi wagonjwa wa kundi la pili. Ndiyo maana kinyama kilichokatwa tumboni hupimwa PD-L1 na hali ya vinasaba kabla ya kuchagua tiba. Umri na jinsia humpa daktari dokezo tu. Jibu hutoka maabara.

Familia inahusikaje?

Wagonjwa wengi hawakurithi saratani hii. Lakini wachache wa kundi la pili wana kasoro ya kurithi inayoweza pia kuleta saratani ya utumbo mpana au ya mji wa mimba. Wapo pia wanaorithi kasoro ya jeni CDH1, inayoleta saratani ya tumbo ujanani na, kwa wanawake, ya matiti. Mzazi asifiche historia ya ukoo mbele ya daktari. Ukimya huo huwagharimu watoto.

Chanzo kikubwa bado ni bakteria Helicobacter pylori, ambao wengi huambukizwa utotoni, mara nyingi ndani ya familia. Hupimwa na kutibiwa kwa antibayotiki.

Anayemeza dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi, anayepungua uzito, anayeshiba haraka, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, aende hospitali aulizie kipimo cha kamera ya tumbo. Saratani hii ikikutwa mapema, upasuaji unaweza kuiponya.